Fidia ya Khalif

Ngamia walifika Bulla Iftin, Garissa, saa mbili na nusu asubuhi, wakiwa kumi kamili, na kabla vumbi halijatulia mtaa mzima ulishajua kwamba Shurie amelipwa damu ya mwanawe.

Walitangulia watoto, kisha wakaja wanawake wa jirani, mmoja mmoja, wakimpa pole na hongera kwa pumzi moja kwa sababu hakuna aliyejua ipi ndiyo ya kutangulia. Shurie alisimama mlangoni na dumu la maziwa mkononi, dumu ambalo saa hizo lilipaswa kuwa sokoni, na hakujua kama alie au ashukuru. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na kikao. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kulipwa.

Dagane, shemeji yake, ndugu mkubwa wa marehemu mumewe, alikwisha kuvuta kiti cha plastiki na kukaa katikati ya ua kama mwenye nyumba.

"Tumemaliza," alisema. "Tulikaa Diff, kule mpakani, siku tatu na wazee wa wale watu. Wamekiri. Ngamia hawa ni wa mwanzo, wengine watakuja mvua zikinyesha. Damu imelala, Shurie."

"Wale watu ni wa ukoo gani?"

"Hayo ni ya kikao."

"Nami mama yake nisijue?"

Dagane akatabasamu, tabasamu lile la kumnyamazisha mtu bila kumjibu. "Umeletewa ngamia mpaka mlangoni. Wenzako wameuliwa watoto wakaletewa maneno tu."

Majirani wakaitikia kwamba ni kweli. Na haki ya Mungu ilikuwa kweli, maana huko ndivyo mambo yanavyokwenda. Mtu akiua, wazee hukaa, ukoo wake hulipa, kisha barua hupelekwa kituoni na faili la polisi linabaki kabatini bila shahidi hata mmoja, mpaka mchwa walione kwanza kuliko hakimu. Shurie ameyaona hayo tangu utotoni kwao Tarbaj. Hakuwahi kuona ubaya wake, kwa kuwa hajawahi kuwa yeye ndiye mwenye maiti.

Hata hiyo maiti yenyewe hakuwa nayo. Khalif alikuwa mtia mafuta mashine katika meli ya mizigo, kazi aliyoipata Mombasa kwa kubembeleza mlango kwa mlango miaka miwili. Maharamia waliiteka meli mbali kule kusikoonekana nchi kavu. Mabaharia kumi na wanne walishikwa, na baada ya miezi mitano kumi na watatu wakarudi makwao, wamekonda lakini wazima. Wa kumi na nne ndiye Khalif. Familia iliambiwa homa ilimchukua huko huko mikononi mwa maharamia. Baadaye ikasikika manowari ya Ulaya imewanasa watu wanne ndani ya mashua, wakaletwa Mombasa kushtakiwa, nayo familia ikabaki kungoja.

Shurie aliweka dumu chini, akaenda kuwatazama ngamia. Miaka kumi na minane anauza maziwa yao. Hawezi kupita karibu na ngamia asimwangalie shingo. Wote kumi walikuwa na mistari miwili na ndoano chini yake. Hiyo ni chapa ya Dagane.

"Mbona hawa ni ngamia wako?"

Wanawake wakazigeukia shingo za ngamia. Dagane hakupepesa jicho. "Walikuwa na pesa, hawakuwa na mifugo karibu. Wakanunua kwangu. Au ulitaka wawalete kwa ndege?"

Watu wakacheka. Shurie akaona aibu, akajiona mchoyo, mama anayekagua fidia ya mwanawe kama mtu anayenunua mbuzi sokoni. Kwa hiyo karatasi ilipotolewa hakuuliza tena. Aliyeisoma ni Hamdi, binti yake, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana: kwamba familia ya marehemu Khalif Abdihafid imesamehe, imepokea haki yake kimila, haitaki kesi ya Mombasa iendelee, na haitatoa ushahidi wowote.

"Hooyo, subiri kwanza," Hamdi alimwambia mama yake. "Hapa wameandika wowote."

"Umesoma ili uje kuwafundisha wazee?" Dagane akamkata kauli.

Shurie akabonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

*

Siku ya tatu simu ikalia. Mwanamke, sauti ya upole, Kiswahili cha ofisini. Alijitambulisha kuwa Inspekta Tiya Jaldesa, akamwomba mama afike ofisini kwake saa nne, kama hatajali, pamoja na kitambulisho.

Shurie alikwenda na Hamdi. Getini askari alilinusa dumu la maziwa, akaamuru libaki nje juani. Walipoingia ndani wakakalishwa kwenye benchi pamoja na wezi wa pikipiki, wakasubiri mpaka Shurie akaanza kujiuliza kama yeye ndiye aliyefanya kosa.

Tiya alikuwa Mborana wa Bute, mwembamba, kofia ameiweka mezani. Kando ya kofia ilikuwapo ile barua yenye kidole cha Shurie.

"Mama, hii barua imeletwa na mzee Dagane. Nimekuita nikueleze mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Haifuti kesi."

Shurie alidhani hakuelewa Kiswahili. "Hiyo maneno imekwisha. Wazee wamekaa. Ngamia imekuja, iko nyumbani, kumi."

"Najua. Kwetu pia ni hivyo hivyo. Lakini hii si kesi ya Garissa, wala si ya Kenya peke yake." Tiya alivuta kiti karibu. "Kule meli ilikotekwa ni bahari ya watu wote. Hakuna kaunti, hakuna ukoo. Nchi zikakubaliana zamani kwamba haramia ni adui wa kila mmoja. Anayemkamata, awe nani, anaweza kumshtaki, au amkabidhi kwa nchi iliyokubali kumshtaki. Ndege ya nchi moja iliiona mashua, manowari ya nchi nyingine ikaikamata, sisi tukapokea. Kuna Mfilipino anangojea hii kesi, kuna Mhindi, kuna Mtanzania. Wewe ukisamehe, umesamehe ya kwako. Ya kwao huwezi."

"Na ngamia je?"

"Ngamia hatuna habari nao."

Shurie alimgeukia binti yake, mdomo wazi. Tangu azaliwe hajasikia jambo la namna hiyo, kwamba damu ya mtoto wake ina wenyewe huko duniani, watu asiowajua kwa sura wala kwa jina, nao hawajaambiwa kwamba imelala.

"Sikukuitia hilo tu," Tiya akaendelea. "Katika ile mashua ilipatikana simu. Wenyewe walikuwa wamefuta kila kitu. Wataalamu wa Ulaya wamekaa nayo wiki tatu, wakatoa sauti ya sekunde arubaini. Tunaamini mmoja ni Khalif. Nataka mama uniambie kama ni yeye. Ukishindwa, basi, hakuna wa kukulazimisha."

Shurie akavishwa visikilizio vya masikioni juu ya shungi. Hamdi alimshika mkono.

Kwanza ulikuja upepo, na kishindo cha maji kwenye ubao. Kisha mwanamume mmoja akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kuchoka: "Huyu anasema anakujua wewe."

Halafu sauti nyingine.

"Si... simjui. Sijawahi kumwona."

"Hakika?"

"Simjui. Mtakalo kumfanya, mfanyeni."

Hapo ndipo Khalif alipozungumza. Alikuwa na kikohozi, lakini ni yeye, mwanawe, akiongea taratibu kwa adabu kama alivyokuwa akiwaongelesha wageni wa nyumbani. "Samahanini. Nimekosea. Nimemfananisha tu." Sauti ikakatika.

Shurie alivivua visikilizio, akavipakata. Hamdi akamwita mara mbili hakusikia. Haikuwa sauti ya Khalif iliyompiga hivyo; hiyo alijiandaa nayo njia nzima. Ilikuwa ile nyingine. Ile inayokwama kwenye neno la kwanza kisha ikaenda sawasawa. Abdimalik, mtoto wa Dagane. Abdimalik ambaye mwaka wa pili sasa watu wote wanaambiwa yuko Diff kwa biashara ya mifugo.

"Ni Khalif?" Tiya aliuliza.

"Ndiyo. Ni yeye."

"Pole sana, mama." Tiya akavipokea visikilizio, akaviweka mezani. "Na huyo mwingine? Marehemu alisema anamjua, ndiyo maana tunafikiri labda ni mtu wa huku. Watatu walikamatwa na bunduki, hao hawana pa kuponea. Wa nne, tunayedhani ndiye mwenye sauti hii, anaapa yeye ni mvuvi tu wa mbali huko, alitekwa akalazimishwa kupika. Hana karatasi, hana mtu wa kumtambua. Kesho mchana hakimu anaamua. Asipotambuliwa ataachiwa arudishwe huko alikosema ni kwao. Unamjua?"

Shurie alitazama kidole chake. Wino ulikuwa bado uko kwenye ukucha.

"Simjui," alisema.

Na mara tu neno lilipomtoka akalitambua. Lilikuwa ni lile lile alilolisikia sasa hivi masikioni.

*

Alimkuta Dagane nyumbani kwake anatawadha kwa ajili ya alasiri. Shurie hakuamkia. Hajawahi kuingia kwa shemeji yake bila kuamkia tangu aolewe, na Dagane aliinua uso mara moja, birika mkononi, kama aliyesikia mlango unavunjwa.

"Nitajie mzee mmoja," alisema Shurie. "Katika hao mliokaa nao Diff siku tatu. Mmoja tu."

"Kuna nini?"

"Jina, Dagane."

"Shurie, tulia. Nani amekujaza maneno? Wale polisi..."

"Nimeisikia sauti yake."

Dagane alikuwa mtu wa maneno mengi. Alijua kusema barazani, harusini, hata mbele ya gavana. Sasa birika lilikuwa linamwaga maji kwenye miguu yake naye hakuliinua.

"Ulijua," Shurie akasema. "Ngamia ni wako. Umenilipa mwenyewe, ukanitengenezea wazee wa uongo, ukaniletea mpaka majirani waje kunipongeza. Nimepongezwa, Dagane! Wameninywea chai ndani ya nyumba!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi."

"Nilitaka upate haki yako," alisema Dagane, na ajabu ni kwamba alimaanisha. "Ningeweza kunyamaza usipate kitu. Nimetoa ngamia wazuri, wengine wana mimba. Wengine nitatoa. Wote, ukitaka."

"Nieleze mwanangu alikufaje."

Dagane akakaa kwenye kizingiti. Kwa mara ya kwanza Shurie alimwona ni mzee.

"Abdimalik alinipigia simu," akaanza. "Usiku wa manane. Analia. Akasema, aabo, baba yangu, Khalif ameletwa huku. Yuko kati ya mateka na amenitambua. Mimi sikujua kama kijana yuko kwenye kazi hiyo, walahi sikujua; nilijua ni mbuzi na ngamia. Akasema wenzake wameanza kunong'ona. Kwao mateka akimjua mmoja wao jina na baba na nyumba, huyo harudi. Kwa sababu akirudi atasema. Aliniuliza afanye nini."

"Ukamwambia nini?"

Dagane akaliweka birika chini.

"Ukamwambia nini, Dagane?"

"Wangewaua wote wawili. Elewa hilo. Akisema huyu ni ndugu yangu, wangewaua wote wawili."

"Ulimwambia amkane."

"Nilimwambia ajiokoe." Alifuta uso kwa kiganja. "Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mwanao yuko kwenye simu anakuuliza. Ungefanya nini?"

Kilichomshinda Shurie kukielewa ni kingine. Miezi saba mtu huyu amekuwa akija nyumbani kwake kila Ijumaa, anakunywa chai, anamwombea marehemu dua akiinua mikono. Miezi saba Shurie anamchagulia kikombe kisicho na pengo mdomoni. Watu wa Ulaya wamekaa wiki tatu wanaokota sauti ya Khalif kwenye simu iliyofutwa, wala hawamjui. Na huyu wa damu moja naye aliyajua yote, akayakalia.

"Huwezi kumtoa Abdimalik kwa polisi," Dagane alisema, sauti imerudi chini. "Kumbuka mama yake alivyokufa hajamaliza arubaini. Nilikuletea yule mtoto amefungwa kwenye shuka. Khalif kwenye ziwa la kulia, yeye la kushoto. Umemlea miaka minne, anakuita hooyo mpaka leo. Kwa dini yule ni mtoto wako. Umepoteza mmoja, unataka upoteze wa pili kwa mkono wako mwenyewe?"

Hapo ndipo Shurie alipolia. Hakulia kwa sauti. Alisimama tu uani kwa Dagane machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, kwa kuwa kila alichosema kilikuwa kweli. Alimkumbuka Abdimalik akiamka usiku ana njaa, akimtafuta kwa mikono gizani. Alikuwa akinyonya kwa pupa kuliko Khalif, na Khalif kila mara alimwachia.

"Kesho mchana hakimu anamwachia," alisema Dagane. "Ni kukaa kimya tu. Hakuna anayekuomba useme uongo."

"Nimeshausema," Shurie akajibu, akatoka.

*

Hakumwambia Hamdi mpaka asubuhi, na alipomwambia, binti alikaa chini kwenye mkeka akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Abdimalik?" akarudia. "Abdimalik wetu? Hooyo, acha. Hiyo haiwezekani." Kisha akaona uso wa mama yake, akashusha mikono.

"Adeer Dagane atatutenga," Hamdi alisema baadaye. "Ukoo wote utatutenga. Nani atanunua maziwa yako?"

"Sijui."

"Na hao ngamia?"

"Nimemwita mchungaji. Wanarudi kwa mwenyewe."

Majirani waliwaona ngamia wakitoka mmoja mmoja, wakabaki wameshika viuno. Mmoja akauliza kama ni ugonjwa. Mwingine akasema waziwazi, ili asikiwe, kwamba wapo watu wakipewa heshima hawajui waitie wapi. Shurie alijifunga shungi, akapita mbele yao na kuwasalimia kwa majina. Waliomwitikia ni wawili.

Getini alikuwa askari yule yule. Leo Shurie hakuwa na dumu la kunuswa. Askari alimwambia Inspekta ana mkutano. Shurie akasema atangoja, na hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya mlango wa ofisi hata Tiya alipoufungua akakaribia kumkanyaga.

"Mama Khalif! Kuna shida?"

"Jana mimi nilisema uongo," alisema Shurie. "Leta ile sauti. Sitaki kusikia tena, lakini leta, uandike kwamba iko hapa."

Tiya alimtazama, akaangalia saa ya ukutani, akarudi mezani. Alitoa karatasi, akatoa kalamu. Simu ya Mombasa aliiweka karibu. Alikuwa polisi wa miaka kumi na mmoja, lakini alikuwa pia mtoto wa Bute, na alijua mama huyu anavunja nini.

"Hakuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu amekuahidi kitu?"

"Mimi nimerudisha kile waliahidi."

Tiya akaandika. "Huyo wa pili katika sauti, anayesema simjui. Wewe unamjua?"

"Najua yeye."

"Jina lake?"

"Abdimalik Dagane."

Kalamu ikasimama. Ile barua yenye kidole cha Shurie, na saini ya Dagane chini yake, ilikuwa bado iko juu ya meza, na Tiya aliitazama, kisha akamtazama Shurie, na rangi ikambadilika usoni. "Dagane huyu? Huyu mzee aliyeleta..."

"Huyu. Andika."

Nje mtu alikuwa akipiga honi, anafunguliwa geti. Tiya akaandika jina, akaenda mstari unaofuata, akasafisha koo. Ilikuwa fomu ya kawaida, wala si yeye aliyeitunga.

"Hapa wanataka kujua uhusiano. Yeye ni nani kwako, mama? Niandike mtoto wa shemeji?"

"Hapana," alisema Shurie. "Andika mtoto wangu. Mimi nilimnyonyesha."

Tiya aliandika. Halafu kwa sauti ndogo, kwa kuwa mstari uliofuata ulimtaka aulize, akauliza: "Na marehemu?"

"Huyo pia," Shurie akasema. "Andika wote wawili."